Chungu cha Mdomoni mwa Tanuri

Nilipokuwa mtoto, siku zile mtaa wa Kileleshwa jijini Nairobi bado una nyumba za chini zenye bustani kubwa, nilijua kwamba mimi ni mkosi. Sikuwa nikilia kwa sababu hiyo. Nilijua tu, kama mtoto mwingine anavyojua kwamba yeye ni mrefu au ana sauti nene. Baba alifariki, mama akamfuata kabla mahindi hayajavunwa, na nilipopelekwa kwa baba mkubwa, ng'ombe wake wa maziwa akaanguka akafa. Mke wa baba mkubwa alisema mbele ya watu kwamba mtoto huyu anatembea na kifo. Hakuna aliyebisha. Wiki hiyo hiyo mama mdogo, dada yake mama yangu, alikuja kunichukua akanileta Nairobi.

Mama mdogo alikuwa akifanya kazi ya nyumba kwa wazee wawili Wahindi, mtu na mkewe. Kila mtu aliwaita Bapa na Ba, yaani babu na nyanya kwa Kigujarati chao. Tuliishi kwenye chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba yao. Na nyuma ya chumba chetu, pale mteremko unapoanza kushuka kuelekea mto Kirichwa, palikuwa na kitu kilichonifanya nisahau kulilia kwetu: banda la kufinyanga vyungu.

Bapa alikuwa mfinyanzi na mwana wa mfinyanzi. Watoto wake walikwisha kuukimbia udongo wakawa wahasibu na wauza vipuri, lakini yeye kila asubuhi alivua viatu, akafunga shuka chakavu kiunoni na kushuka bandani. Nakumbuka mara ya kwanza nilipomwona kazini. Alilisukuma gurudumu lake kwa fimbo mpaka likaanza kuimba, akatupa bonge la udongo katikati, akalowesha vidole. Lile bonge likainuka. Nasema likainuka kwa sababu mpaka leo sijapata neno jingine. Lilipanda lenyewe kati ya mikono yake kama kitu kilichokuwa kimelala, likapata tumbo, likapata shingo, likapata mdomo. Nilitaka kitu kile kuliko nilivyowahi kutaka chakula.

"Toto, unataka jaribu?" Bapa aliniuliza bila kugeuka.

Kabla sijajibu, ubao uliokuwa nyuma yangu uliteleza, na vitaa vibichi, vile vitaa vidogo vya udongo vya mafuta na utambi, vilivyopangwa juu yake vikaanguka chini vikawa matope tena. Sikuwa nimeugusa. Lakini nilijua sababu, na nikatoka mbio mpaka jikoni.

Wambua naye aliona. Wambua alikuwa msaidizi wa Bapa, mtu wa makamo kutoka Machakos aliyekanda udongo kwa miguu na kupasua kuni. Hakuwa mtu mbaya. Jioni hiyo alimuuliza mama mdogo habari zangu, na mama mdogo, aliyekuwa akimenya viazi na hana hili wala lile, akamweleza zote, mpaka za ng'ombe. Kesho yake nilimsikia Wambua akisema na Bapa.

"Mzee, huyu mtoto amefiwa na wazazi wote wawili. Kwetu mtoto kama huyo haletwi karibu na moto wa vyungu. Unakumbuka tanuri ya mwisho ilivyotufanya. Hii nayo ikiharibika, si unajua vile kijana wako alisema?"

Sote tulijua. Tanuri la mwisho lilichomwa wakati wa mvua, na karibu nusu ya vyombo vilipasuka. Mwana mkubwa wa Bapa alikuja na gari lake, akatazama vigae, akasema kwamba hasara nyingine kama hiyo na banda litabomolewa, mzee apumzike. Na sasa sikukuu yao ilikuwa inakaribia, ile ambayo wanawake huicheza kwa kulizunguka garbo, mtungi uliotobolewa matundu mwili mzima ili taa iliyomo ndani imwage mwanga pande zote. Familia za Kilimani, Parklands na hapo hapo Kileleshwa zilikuwa zikiisubiri mitungi ya Bapa.

Bapa alijikwangua udongo mkononi. Kisha akaniita. Nilitoka nyuma ya mlango nilikokuwa nimejificha.

"Baba yangu alikuwa naweka chungu moja mdomoni ya tanuri," akasema. "Chungu ya sura mbaya. Jicho mbaya ikikuja, inaona hiyo kwanza, inaingia hapo, inaacha zingine. Na lazima itengenezwe na mkono mpya." Akamtazama Wambua. "Wewe nasema huyu iko na mkosi. Sawa. Aweke yote ndani ya hiyo chungu."

Lilikuwa jambo Wambua aliloweza kulielewa. "Basi iwe hivi," akasema mwishowe. "Ikipasuka hiyo peke yake, mkosi umeingia humo. Lakini zikipasuka zile zingine, mtoto asikanyage hapa tena."

"Sawa," akasema Bapa. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Ningeulizwa ningekubali kwa magoti. Nilipewa bonge la udongo na pembe ya banda, na nikaanza kazi. Sikuruhusiwa gurudumu; nilifinyanga kwa mkono, kuta nene kama mkate. Niliipa sura ile masikio makubwa, pua iliyopinda, macho yaliyotoka nje, na meno niliyoyachora kwa njiti ya kiberiti. Ba alishuka kuniletea chapati, akaiona, akacheka mpaka akashika kiuno. Nilipobaki peke yangu niliinamia mdomo wa chungu na kusema ndani yake. Nilimtaja baba. Nilimtaja mama, na jinsi alivyoniambia nimletee maji na nikamkuta amelala. Nilimtaja hata ng'ombe. Nilisema polepole nisije nikasahau mtu. Nilipomaliza mdomo wangu ulikuwa na ladha ya udongo, na nilihisi kama nimetua mtungi kichwani.

Siku ya kuchoma ilifika na mawingu. Bapa alivipanga vyombo tanurini kwa mkono wake, mitungi chini, vitaa juu, akafunika kwa vigae na nyasi na tope. Ba alifunga limau na pilipili kwenye uzi akavitundika mlangoni mwa banda kufukuza jicho baya. Chungu changu kiliwekwa pale kuni zinapoingilia, sura ikitazama nje. Wambua akawasha.

Siwezi kueleza furaha ya siku ile kwa mtu ambaye hajawahi kukaa na moto. Mwanzoni ni moto wa kubembeleza, moshi mweupe tu, mvuke unatoka kwenye tope kama uji unaotaka kuchemka. Kisha Bapa anainua kidole, kuni zinaongezwa, na tanuri linaanza kupumua. Nilikimbia kwenye rundo la kuni na kurudi, nikakimbia tena, nikimpa Wambua kuni mkononi kwa kuwa sikuruhusiwa kuzitia mwenyewe. Jasho lilinitiririka. Mama mdogo alikuwa akitoka jikoni kila mara na mwiko mkononi, anatazama mawingu, ananitazama mimi, anarudi. Mchuzi wa siku hiyo uliungua na tukaula hivyo hivyo.

Mchana, moto ukiwa umekolea, tukasikia mlio.

Ulikuwa mlio mkavu, kama mtu amevunja kijiti ndani ya ukuta. Wambua alibaki na kuni mkononi. Tuliusubiri mlio mwingine, kwa sababu tanuri lililotangulia lilianza hivyo hivyo, mmoja, halafu mingi kama bisi. Bapa alikuwa amefumba macho, ametega sikio. Tukasikiliza. Matone machache ya mvua yaliangukia mabati, yakaacha. Tanuri lilizidi kupumua tu.

"Weka kuni," akasema Bapa.

Kulifungua tanuri kulingoja mpaka kesho yake lilipopoa, na usiku ule ulikuwa mrefu kuliko ule wa safari yangu ya kuja Nairobi. Asubuhi tulikuwa wote pale, hata Ba na kiti chake, hata mama mdogo aliyedai amekuja kuchukua ndoo. Wambua aliondoa tope na vigae. Bapa akaingiza mkono kwenye majivu, akatoa kitaa, akakigonga kwa kucha. Kililia kama kengele. Akatoa kingine. Kikalia. Kila chombo kilichotoka kiligongwa, kikalia, kikapokelewa na Ba, na mimi kila nikisikia sauti ile nilitaka kuruka. Vyote vilikuwa na rangi ya jua la jioni. Mtungi wa kwanza wa matundu ulipotoka mzima, mama mdogo aliweka ndoo chini akapiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaona aibu.

Karibu na mwisho, Wambua alitoa kitaa kimoja, akakigonga mwenyewe, na hakikulia. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nimesimama karibu naye, niliuona. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitia mfukoni mwa ovaroli yake. Bapa alikuwa akipangusa majivu kwenye mtungi na hakuinua uso.

Ndipo tukakiendea chungu changu. Kilikuwa kimepasuka katikati, pua upande huu, jicho upande ule. Wambua aliviokota vipande vyote, akashuka navyo mpaka mtoni, akavitupa, akanawa mikono na uso. Aliporudi alinipita kama kawaida, kisha akageuka.

"Nafula," akasema. Hakuwahi kuniita jina hata siku moja. "Leta maji. Udongo unakauka."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufunzwa kazi ninayoifanya mpaka leo. Bapa alinifundisha gurudumu akiniadhibu kwa kunyamaza na kunisifu kwa kunyamaza, na Wambua alinifundisha kukanda. Wote wawili wametangulia. Pale palipokuwa na nyumba pana ghorofa lenye lifti, na banda langu mwenyewe liko si mbali na Adams Arcade, ambako wenye magari husimama kununua mitungi ya maua.

Nilipoanza kuchoma vyombo vyangu ndipo nikaelewa. Chombo kinene, cha mkono usiojua, kisichokauka vizuri, kikiwekwa pale kuni zinapoingilia, ndimi za moto mbele na upepo baridi nyuma, hakiponi. Bapa aliyajua hayo tangu utoto wake. Kwa miaka fulani nilidhani basi ilikuwa hila ya mzee mwenye huruma. Siku hizi sidhani hivyo. Aliweka chungu cha sura mbaya mdomoni kila alipochoma, hata pale ambapo hakukuwa na mtoto wa kuokolewa, na aliponikuta siku moja nataka kuwasha bila hicho alinikemea vikali. Nafikiri aliamini, na pia alijua, na mambo hayo mawili hayakumsumbua kukaa pamoja.

Ninachojua hakika ni kwamba kama angeniambia tu mkosi haupo, nisingemsikia. Nilikuwa nimeshaambiwa upo, mbele ya watu. Ulihitaji kuondolewa pia mbele ya watu, mchana, na Wambua, aliyeuogopa kuliko wote.

Kwa hiyo leo nikisikia mtu anamwita mtoto mkosi, simbishii. Namtafutia yule mtoto kazi.