Nimeachia ngazi ili nimsalimie mchungaji

Mnisamehe kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Leo ninaandika kwa aibu.

Mimi ndiye msimamizi wa usalama katika kiwanda chetu cha jibini hapa Masisi. Kila asubuhi nawagombeza watu: anayeshika ngazi haachii.

Leo Kaka Janvier, fundi wetu, alipanda kutengeneza bomba la moshi. Aliyeshika ngazi chini ni mimi.

Mchungaji wa kanisa letu akaingia, akaninyooshea mkono.

Kwetu mchungaji hasalimiwi kwa mkono mmoja. Nikampa yote miwili. (Niambieni ukweli, ninyi mngefanyaje?)

Ngazi ikateleza kwenye sakafu iliyolowa maziwa. Janvier akaanguka, akavunjika mguu.

Njiani kwenda hospitali ya Kirotshe, Janvier akaniambia: "Papa, ulisalimia mutumishi wa Mungu muzuri. Ni miye njo nimepokea baraka."

Garini wote wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Sasa tunangoja nje. Nimemwambia mke wake kwamba kosa ni langu. Amesogea kidogo ili nipate nafasi ya kuketi.

Daktari hajaamua kama mguu utapasuliwa. Akishaamua, nitawaandikia.