Injinia wa Karavani ya Chanjo

Miaka yote hii watu wa mji wa Baraka wananiita injinia, kwa sababu nilisoma chuo kikuu, nami sikuwahi kuwasahihisha. Juzi, tukiwa tumefika kijiji cha Swima, karavani yetu ya chanjo, ile trela inayovutwa na gari, ikapata pancha.

"Injinia, usiifungue ku motokari," muuguzi wetu, Mama Furaha, akanionya. "Na utie majiwe ku magurudumu."

"Mama, hii kazi ni ya batu benye balisoma."

Nikaifungua, nikaiinua kwa jeki. Ikateleza, ikabingirika hadi mtaroni, na friji iliyokuwa ndani ikapasuka pamoja na chanjo zote.

"Ulisomaka nini, we?" akauliza.

"Falsafa," nikajibu, huku akina mama waliokuwa wakisubiri chanjo wakiwafunga watoto mgongoni kurudi nyumbani.