Meli Moja na Mama Mkwe

Safari ile tulipewa kama zawadi. Vijiji vya ujamaa vya kwetu Singida vilivyovuna vizuri viliambiwa vichague watu wa kuzunguka Ziwa Victoria kwa meli ndogo, wakaone bandari za zamani: Mwanza, Musoma, Bukoba. Iguguno walinichagua mimi. Nduguti, bila mimi kujua, walimchagua mama mkwe wangu.

Nilimwona meli ikiwa imeshaondoka. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na kugusana ni balaa. Tena mke wangu alikuwa amerudi kwao tangu wakati wa palizi, na mama huyu ndiye aliyewafukuza wazee niliowatuma kumwombea arudi. Nikimkosea heshima tena, mke sina.

Nyumbani ukimwona mkwe njiani, unakatisha kwenye mtama. Melini ukatishe wapi? Akikaa mbele, mimi nyuma. Akija nyuma kutapika, maana ziwa lilimtesa, mimi mbio mbele. Musoma wenzangu walishuka kutazama mji. Naye alishuka, kwa hiyo nikabaki nikiitazama bandari ya kihistoria kwa tundu la dirisha. Nahodha akaniuliza kama yule mama ni mchawi.

"Si mchawi, ni mama mkwe," nikamjibu.

Alicheka sana. Nilitamani kumzaba kibao.

Bukoba tulikuta upepo mkali. Meli ilipanda na kushuka ubavuni mwa gati, na ubao wa kushukia ukawa unacheza. Nilishuka upesi, nikajibanza nyuma ya magunia ya kahawa ili apite zake. Alipofika katikati, ubao ulichomoka upande wa meli. Chini yake maji, na meli inarudi kuligonga gati. Mtu wa karibu nilikuwa mimi peke yangu. Sikufikiri. Nilimkamata kiunoni kwa mikono miwili, nikamvuta, tukaanguka wote wawili kwenye saruji, uso kwa uso.

Watu wa Bukoba walipiga makofi. Wa Singida waliinamisha vichwa kama wako msibani. Nilijua ndoa yangu imeishia pale.

Tulirudi Mwanza, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipokuwa tunangoja lori la kutupeleka nyumbani, alikaa akinipa mgongo, akamwambia mama aliyekuwa kando yake, kwa sauti ya kusikika gati zima:

"Mwambie huyo mtu amenishika. Atatoa kondoo wa kunitakasa."

"Amesikia, atatoa," yule mama alijibu kwa niaba yangu. Mimi nilikuwa nimeinama, natazama miguu yangu.

"Na kondoo wa kosa hili huletwa na mkosaji mwenyewe, mpaka ndani ya boma. Akiondoka, aondoke na mke wake. Nimechoka kumsikia akilia."