Vidonge Vitatu vya Magharibi

Tausi hakuwa mtu wa kuamini watu ovyo, na Ramadhani ile hakumwamini hata aliyelala kitanda cha pili. Alikuwa mtoto wa Moa, kijiji cha pwani, akisomea michezo na mazoezi ya viungo, mwaka wa pili, katika chuo kimoja pale Raskazone, Tanga. Mbio za mita mia nane zilikuwa zake. Mashindano ya vyuo yalikuwa yanakaribia, nafasi ni ya mtu mmoja, na aliyemfuata kwa kasi ni Loveness, binti wa Kilutheri kutoka mashamba ya mkonge kule Muheza, mwenzake wa chumbani.

Goti lilikuwa likimsumbua. Akanunua vidonge vya maumivu duka la dawa, bahasha imeandikwa: kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula. Sasa aliyefunga atameza saa ngapi? Tausi hakuona haja ya kuuliza. Msichana anayekutajia misuli yote ya paja bila kuvuta pumzi, aulize habari ya vidonge! Adhana ya magharibi ikilia, anafungua kwa tende moja, anameza vyote vitatu kwa mkupuo, dozi ya siku imetimia, anakwenda kuswali. Alijiona mjanja kweli.

Loveness ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga, maana Tausi alirudi mazoezini hoi. "Shoga, kunywa kwanza, mengine baadaye," humwambia. Wiki ya kwanza ikaisha, tumbo likaanza kuwaka moto. Tausi akautazama uji, akamtazama mpishi. Mtu hafungi, lakini kila magharibi yuko jikoni kwa ajili yako, kwa lipi? Na wewe ukiugua, atakayekimbia nani?

Akaanza kuumwaga uji dirishani kimyakimya, huku anasema ahsante. Tumbo likazidi. Mwenye akili zake angejiuliza. Yeye jibu alikuwa nalo tayari: kumbe mwenzangu keshahamishia sumu kwenye maji. Akaficha ndoo yake uvunguni, akalala na mswaki chini ya mto. Kizunguzungu kikamwingia, na choo kikatoka cheusi tititi, akaapa kuwa ni sumu. Roho ilimuuma, maana alikuwa amempenda yule msichana.

Alhamisi akaenda kwa mwalimu Edgar, kocha wa timu, akasema yote na ya kuongezea kidogo. Mwalimu akaogopea jina la chuo. Siku hiyohiyo Loveness akatolewa kwenye timu na chumbani, aende kwao mpaka uchunguzi ufanyike. Alifungasha vitu vyake. Mlangoni akauliza tu, "Tausi, mimi?" Tausi akageukia ukutani.

Ijumaa asubuhi alianguka kwenye ngazi za bweni. Wakampeleka kwa Sista Praxeda, nesi wa zahanati ya chuo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Choo chako kina rangi gani?"

"Cheusi. Nimelishwa sumu."

"Kuna dawa unakunywa?"

Tausi akatoa bahasha, akaeleza utaratibu wake, na jinsi alivyoumwaga uji wa Loveness, hata kwa majivuno kidogo. Nesi akasoma maandishi ya ile bahasha.

"Vitatu kwa pamoja, tumbo tupu. Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Weusi huo ni damu, mwanangu. Vidonge vimekuchubua tumbo. Uji ungekusitiri kidogo, nawe ukaumwaga. Hapa unasomea nini?"

"Michezo na mazoezi ya viungo."

 Nesi akaandika karatasi ya rufaa, akamwambia habari ya mbio za kesho aisahau, gari la kumpeleka hospitali linakuja.

Tausi hakuzililia mbio. Aliomba aitiwe mwalimu Edgar kabla gari halijafika. Mwalimu akamsikiliza amesimama, uso umemshuka, kisha akampigia Loveness na kuweka simu sauti ya juu ili wote wasikie.

"Loveness, nimekusingizia," Tausi akasema, machozi yakimtoka. "Ni vidonge vyangu mwenyewe. Nisamehe, shoga yangu. Rudi, kesho ukimbie wewe."

Kuku walisikika huko Muheza.

"Mwalimu," Loveness akasema, "mwambie akatibiwe haraka. Kesho nitakuja kukimbia. Ila mnitafutie chumba kingine."