Likizo Tuliyoigawa Homa Bay

Mume wangu alikuwa mwalimu, na ualimu una ugonjwa wake: mtu akishasoma jambo mara moja, hapati raha mpaka alifundishe. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru aliokota gazeti kuukuu lenye picha, lililoachwa shuleni na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Humo akasoma kwamba watalii werevu hawakai hoteli moja likizo nzima. Hugawa. Siku kadhaa hapa, siku kadhaa pale, ili waione vizuri nchi waliyoijia. Jioni hiyo alirudi nyumbani kwetu Migori, akanikuta nachambua mboga, akatangaza kwamba likizo ya Agosti tutakwenda Homa Bay kwenye maonyesho ya kilimo, na kwamba tutagawa.

Nilikuwa sijui kwamba sisi nasi tuna likizo. Shule zikifungwa, yeye alilala mchana na mimi nililima. Hiyo ndiyo iliyokuwa likizo, na wala haikuhitaji gazeti kuielewa. Lakini mwaka ule Migori nzima ilikuwa ikizungumzia maonyesho, maana ilisemekana Mhindi mmoja kutoka Kisumu angeleta gurudumu kubwa la chuma lenye viti, la kuwapandisha watu juu kuliko paa la duka lolote na kuwateremsha wakiwa hai. Angeleta pia farasi wa mbao wanaozunguka siku nzima bila kufika popote. Mwalimu alinieleza haya yote kwa sauti ya darasani, na mimi nilikuwa nikifikiria nani atafunga mizigo, aifungue, kisha aifunge tena.

Mpango ulikuwa hivi. Siku mbili za kwanza tungelala hoteli ya mlimani, karibu na uwanja wa maonyesho. Hapo sababu ilikuwa ukaribu. Siku mbili za mwisho tungehamia hoteli ya chini, kando ya ziwa. Hapo sababu ilikuwa mandhari. Nilimuuliza kama kutoka mlimani ziwa halionekani. Akasema linaonekana, lakini si kwa namna ileile. Mwanamke jirani aliyekuwa akipepeta mtama upande wa pili wa ua alisema njia mbili zilimshinda fisi, akaendelea kupepeta.

Nilikubali, na haikuwa kwa ajili ya mandhari. Nilikubali kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikaa bonde la Lambwe. Kwa desturi yetu sisi Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hata njiani wakikutana, kila mmoja hutafuta kichaka chake cha kukitazama. Mama hangeweza kulala kwangu. Nikienda kumwona pamoja na Mwalimu, ilibidi tuage kabla jua halijazama. Nikienda peke yangu nikalala, kesho yake bonde zima lingetaka kujua nimefukuzwa kwa kosa gani. Kwa hiyo tangu niolewe sikuwa nimelala nyumba moja na mama yangu. Nilikuwa na hamu naye kama mtoto, mimi mwenye mtoto wangu, na desturi haikuniuliza.

Nilipomwambia Mwalimu kwamba ningependa mama naye aje kuliona gurudumu, alinishangaza. Alisema aje, na alale hoteli ile ile ya ziwani, chumba chake mbali na chetu. Desturi, alisema, ni ya nyumba na boma. Hoteli si nyumba ya mtu, wala haina boma. Alifurahia hoja hiyo kuliko alivyomfurahia mama, lakini sikujali. Nilimtuma mwanamke mmoja muuza vyungu aliyekuwa akielekea Lambwe, na jibu likarudi kwamba mama anakuja Jumapili. Ni nani atalala wapi, hakuna aliyemweleza. Hilo Mwalimu aliliona ni jambo dogo.

Tulifika Homa Bay Ijumaa, jua likiwa limeinama. Sasa, katika sehemu zetu, kabla hujauliza habari za kitanda unauliza mwenye nyumba anasali siku gani. Mtoto mdogo anajua hilo. Mwalimu, Mkatoliki tangu utotoni, alikuwa ameuliza kuhusu upepo. Hoteli ya mlimani ilikuwa ya Wasabato, tena Wasabato wa kweli, na tulipokuwa tukipanda ngazi za mlango tuliona mke wa mwenyeji akimwagia maji jiko la mwisho.

Walitupokea kwa upendo mwingi na mahindi na maharagwe yaliyopoa. Chai haikuwapo, leo kwa sababu ya Sabato na siku nyingine kwa sababu ni chai. Kesho yake asubuhi tulikula yaleyale, yakiwa yamepoa zaidi. Kisha mwenyeji akatueleza kwa upole kwamba nyumba nzima inakwenda kanisani, kwamba lango litafungwa kwa ajili ya wezi waliokuja na maonyesho, na kwamba tunakaribishwa. Tukakaribia. Tulikaa kwenye benchi la mbao mpaka mchana ukageuka, na kila mhubiri aliponyamaza kuvuta pumzi tulisikia gurudumu likilia kule uwanjani na watu wakipiga mayowe ya raha. Binti yetu aliuliza kama tumefika likizo. Mwalimu alimwambia aimbe.

Tuliingia uwanjani alasiri, tukatazama ng'ombe wa maziwa waliooshwa vizuri kuliko sisi. Gurudumu nililiona kwa mbali. Nilisema nitalipanda mama akija, na Mwalimu akasema vizuri, maana alilitazama tu akaanza kutokwa na jasho. Jumapili, kwa kuwa dhamiri yake haikuridhika na ibada ya Wasabato, alitupeleka misa. Watalii wa kwenye gazeti sijui walisali wapi. Sisi tulisali siku mbili mfululizo katika likizo ya siku nne.

Baada ya misa tukahama. Mimi nilikuwa na sanduku kichwani na mkono wa mtoto mkononi. Mwalimu alibeba gazeti. Hoteli ya ziwani ilikuwa jengo refu la matope lililopakwa chokaa, vyumba vimejipanga mstari mmoja, na mbele yake dagaa wa ziwani, omena, wameanikwa kwenye nyavu mpaka ukingoni mwa maji. Santuri ilikuwa ikipigwa ndani kwa nguvu zake zote. Mandhari ilikuwepo, kwa yeyote aliyeweza kuziba pua akabaki na macho.

Mama alikuwa amekwisha kufika. Alikaa nje juu ya furushi lake, mgongo kwa mlango, kuku wa zawadi kwapani. Mwalimu alimwona kabla yangu. Nilipogeuka kumwambia asimame kidogo, hakuwapo; alikuwa nyuma ya rundo la kuni, uso kwa ukuta, mtu mzima mwenye cheti.

Nilimkumbatia mama. Aliniangalia vizuri, akamwangalia mtoto, akasema nimekonda. Kisha akaleta swali ambalo nadhani alilikalia tangu alipofika.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, kama alivyoniita siku zote. "Mume wako analala wapi?"

Nilimwambia kwamba mimi na Mwalimu tuko chumba cha mwisho, yeye yuko cha kwanza, na katikati kuna vyumba vya watu wengine kabisa. Nikamwongezea ile hoja ya boma, kwa maneno yaleyale niliyofundishwa.

Mama aliinua macho. Akalifuata paa kwa macho kuanzia chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, taratibu, kama anayetafuta mahali panapovuja.

"Bati hili limekatika wapi?" akauliza.

Halikuwa limekatika popote. Jengo lilikuwa refu na paa lilikuwa moja.

Mwenye hoteli, mjane wa Kinubi aliyetoka kuona kwa nini wageni hawaingii, alijaribu kusaidia. Alisema hapa kwake polisi na mwizi wanalala ukuta kwa ukuta, asubuhi kila mtu anashika njia yake. Mama alimshukuru. Akaniambia amekwisha kuuona uso wangu, ameuona na wa mjukuu, inatosha. Jua bado lipo, ataanza kurudi, na njiani ataomba kulala kwa watu wa kanisa. Hakukasirika. Laiti angekasirika, ningegombana naye. Alianza tu kulifunga furushi upya. Nilimchukia yeye, nikaichukia desturi, nikamchukia yule padri na gazeti lake.

Nilikwenda nyuma ya kuni. Mwalimu alikuwa bado ameukabili ukuta.

"Mama anaondoka," nikamwambia.

"Ulimweleza kwamba hoteli haina boma?"

"Mweleze wewe."

Hangeweza, na alijua kwamba najua. Nilikuwa nimekwisha kulia, na nilimwacha aone. Halafu akalikunja gazeti, akalitia mfukoni, akanyoosha mikono na kulitua sanduku lililokuwa bado kichwani mwangu. Alitoa nguo zangu na za mtoto, akazipanga juu ya kuni moja moja kama anayezianika. Zake akaziacha ndani.

"Tulisema tutagawa," akasema. "Basi tugawe."

Akalibeba sanduku mwenyewe, akapita nyuma ya jengo ili mama asimwone, akaanza kupanda mlima kurudi kwenye ile hoteli isiyo na chai. Ziwa alilolifuata kwa siku zote zile alikuwa amelitazama kwa muda usiotosha kufunga kiatu.

Mama aliuliza kama aliyekuwa nyuma ya kuni amekwisha kupita kona. Nilipomwambia amepita, alinyanyuka, akapangusa miguu, akaingia. Mjane alituletea samaki aina ya ngege wa kukaanga na chai nzito, na mama akanywa ile ya Mwalimu pia, kwa kuwa ilikuwa imekwisha lipiwa. Tulilala kitanda kimoja, mtoto katikati. Kuna mambo ambayo mtu hamwambii mama yake kwenye ziara ya mchana, jicho moja likiwa kwenye jua. Nilimweleza habari ya mimba iliyoharibika mwaka uliotangulia, ambayo alikuwa ameisikia kwa watu tu. Hakusema mengi. Alinishika mguu chini ya blanketi, akaushikilia.

Jumatatu tukaenda kwenye gurudumu. Mama alikagua vyuma vyote, akakemea kimoja, kisha akakaa kama aliyezaliwa humo. Tulipofika juu kabisa likasimama, ili wengine wapande kule chini. Mji wote ulikuwa miguuni petu, na mlima wa Asego mbele yetu, na kwenye mteremko ile hoteli ya Wasabato na ua wake wa nyuma. Uani kulikuwa na mwanamume wa fulana, amechuchumaa mbele ya karai, anafua shati lake mwenyewe. Alikuwa analipiga kama aliyekosewa adabu.

Mimi nilikuwa sijawahi kumwona akifua hata leso. Nilicheka mpaka kiti kikayumba. Mama aligeuza uso upesi akatazama ziwa, kama inavyompasa.

"Sijamwona mtu," akasema. Kisha, gurudumu lilipoanza kushuka: "Huyo ambaye sijamwona, mwambie shati huanzwa kwenye kola."

Siku ya kuondoka Mwalimu alisimama ng'ambo ya barabara, uso kwa duka lililofungwa, mpaka mama aanze safari. Alikuwa amekonda kidogo. Mama aliniachia kuku nimpe, akaniambia nimpelekee na swali: je, mwakani mkwe wake atagawa tena?

Nililifikisha swali nikitegemea hotuba. Alisema tu kwamba ataona.

Mwaka uliofuata gurudumu halikuja. Yule Mhindi alilipeleka kwingine, na maonyesho yalibaki kuwa ng'ombe na maboga. Nilidhani jambo limekwisha. Lakini shule zilipofungwa, Mwalimu alitangaza kwamba tunakwenda Homa Bay kwa mandhari. Alinifikisha mpaka kona ya hoteli ya ziwani, ambako mama alikuwa akiningoja, akanipa nguo zangu na za mtoto, akapanda na sanduku lake. Mwaka wa tatu vilevile. Wenzake shuleni walimtania kwamba anamlipia mke wake hoteli nzuri huku yeye akila maharagwe baridi, naye aliwajibu kwamba hawajasoma. Hakuna siku aliyoniambia anafanya hivyo kwa ajili yangu. Aliendelea kudai ni utaratibu wa watalii werevu, na mimi niliendelea kumcheka, kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Mama alifariki miaka ile ya sitini ikielekea ukingoni, baada ya mvua za masika. Agosti ilipofika nilimwambia Mwalimu tubaki nyumbani. Akasema twende, mtoto amezoea. Tulifika Homa Bay alasiri, tukateremka mpaka kwenye kona ileile. Alilitua sanduku, akatoa nguo zangu na za mtoto, akanikabidhi, akalifunga. Akageuka akaanza kupanda mlima kama kila mwaka.

Alikwenda hatua kadhaa, akasimama. Hakugeuka. Mjane alikuwa mlangoni na kikombe kimoja zaidi mkononi, kile cha mama; naye pia alikuwa amesahau.

Nilimfuata, nikachukua upande mmoja wa sanduku. Nikamwambia sasa anaweza kulala huku.