Namba Aliyokufa Nayo Fundi

Mwenye karakana alinipa mpaka Jumamosi. Mashine ikifunguka, tuendelee. Isipofunguka, inauzwa chuma chakavu. Na mimi je? Miaka sita nimekereza vyuma kwa mashine ile ya kompyuta, hapo Likombe, kazi nyingine siijui. Namba ya siri ya kuiwasha alikuwa nayo fundi wangu peke yake, na fundi tumeshamzika.

Nilijaribu mwaka aliozaliwa. Nikajaribu namba ya nyumba yake, ya simu yake, wapi! Kila nikikosea mara tatu inajifunga saa nzima, na saa hiyo mimi nazunguka, nafagia palipofagiliwa, nagombana na feni. Kiwanda kilichoiunda nacho kilishafungwa zamani.

Ndipo nikakumbuka msibani. Mtani wa marehemu, muuza pweza, alivaa ovaroli la marehemu akaigiza mbele ya waombolezaji fundi anavyowasha mashine: analamba kidole, anadonoa hewani, anapiga ubavu kwa kiganja. Watu wakacheka, ndiyo kazi ya watani. Mimi nikapandwa na hasira, nikamvua lile ovaroli. "Toka, huna adabu!" Jamani, mtani hafukuzwi msibani! Naona aibu hadi leo.

Yeye alikunywa kahawa dirishani petu kila asubuhi, akaona. Mimi niliyesimama pale pale sikuona, maana fundi alikuwa akiniambia, "Geuka, mwanangu." Nikageuka, miaka sita. Alinifundisha kila kitu ila hicho, na kiliniuma kuliko msiba wenyewe.

Ijumaa baada ya swala nikamfuata yule mtani sokoni. Hakuninunia, alinitoza faini.

"Lete jogoo. Halafu nikutukane mpaka nitosheke."

Nikapeleka jogoo. Akaitukana pua yangu, mwendo wangu, ugali wangu. Nilijikaza nicheke, mwisho nikacheka kweli.

Tukaenda naye karakana, akavaa ovaroli. "Namba sizijui mimi. Najua alivyodonoa." Akalamba kidole: chini kushoto, kati, juu kushoto, juu tena. Mashine ikakataa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Dirishani nilikuwa namtazama uso kwa uso."

Kushoto akakufanya kulia. Taa ya kijani ikawaka! Akaupiga ubavu wa mashine, akaniambia kwa sauti ya fundi kabisa, "Haya mwanangu, sasa geuka huku ufanye kazi." Nililia hapo hapo, kilio nilichokikosa siku ya mazishi.

Mwenye karakana akaniagiza niiandike namba ile ukutani, yasije yakatukuta tena. Nikamwambia nitaiandika.

Mwaka umepita. Siku hizi nafundisha dada mmoja kutoka Madimba, mwepesi kuelewa kuliko nilivyokuwa mimi. Asubuhi anasimama karibu yangu, nami kidole kikishafika kwenye vitufe, moyo hautulii. Namwambia ageuke.