Alama ya Ndoo

Mjukuu wangu anachora chipu. Nasema mapema kwa sababu majirani husema anatengeneza redio, na nikiwaacha waendelee watasema ana duka. Chipu yenyewe ni kidude kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hukichora kwenye kompyuta mwaka mzima na zaidi, kiwanda cha mbali hukitengeneza, kisha kinatumbukizwa kwenye tangi lenye baridi kuliko barafu yoyote. Humo tangini kuna kompyuta ya kwantamu, isiyo na skrini wala vitufe, na hadi leo haijafanya hesabu ambayo mimi nisingeifanya kwa vidole. Kazi ya chipu ni kuipelekea mawimbi ya redio na kusikiliza inajibu nini. Hujibu kwa sauti ndogo mno. Watu wazima thelathini, wote na shahada zao, wanakaa kimya kuisikiliza.

Mjukuu wangu ana miaka thelathini na minne, huvaa soksi zisizofanana na hula amesimama. Mimi namwita mume wangu, naye huniita bibi harusi. Akiwa na shida huniita bibi tu.

Wachora chipu wana tabia yao. Nafasi ikibaki tupu pembeni, kila mmoja huchora humo kitu chake, kidogo kisichoonekana kwa macho, na hakuna anayemuuliza mwenzake. Mmoja alichora paka. Mwingine alichora mpira. Mjukuu wangu aliponisimulia hayo nikamuuliza, "Na mimi?"

"Nikuchore wewe, bibi harusi? Chipu itajaa."

"Chora alama yangu."

Alama yangu ni duara lisilofungwa, limeachwa mdomo kidogo juu. Nilianza kuichora kwenye ndoo na sufuria zangu kabla sijajua herufi, ili wapangaji wenzangu wasichukue vyangu kwa kusahau. Hata nilipojifunza kuandika sikuiacha. Herufi kila mtu anazo.

Siku chache baadaye akaniletea picha. "Nimekuweka kona ya chini, kando ya paka."

"Nyuma ya paka."

"Kando."

"Sikukulea ili uniweke kona kama ufagio. Niweke mbele, pale watu wanapopita."

"Pale hapapiti watu, yanapita mawimbi."

"Basi yanione."

Wiki nzima sikupokea simu yake. Akanihamisha. Chipu ile ina njia nane za mawimbi. Akaniweka ubavuni mwa njia ya tatu, mahali ambapo sheria ya kazi yao inasema pasiwekwe kitu.

Chipu ikarudi kutoka kiwandani. Mezani njia zote nane zilisikia. Wakaitia kwenye baridi, njia ya tatu ikawa kiziwi. Wakaitoa, ikasikia. Wakairudisha, kiziwi. Bosi wake, mama mmoja mkavu anayetembea kama anapima sakafu, akatangaza kwamba Ijumaa ikifika bila sababu kujulikana, kitengo cha wachora chipu kitafungwa na chipu zitanunuliwa kwa wengine. Wakabadilisha nyaya. Wakabadilisha skrubu. Wakamshuku mfagiaji.

Jumatano akaja kwangu, akakaa. Hapo nikajua, maana huwa hakai.

"Bibi, ni alama yako."

Akanieleza. Duara la metali lenye mdomo, likipoa sana, linakuwa mtego: linadaka wimbi la kipimo kimoja na kubaki nalo. Na kipimo hicho, kwa ukubwa ule alionichora, ndicho cha njia ya tatu.

"Unasema alama yangu imeiba."

"Imeiba, bibi."

"Miaka hamsini alama hiyo inazuia wizi."

"Nimepiga hesabu mara nne."

"Na bosi wako anasemaje?"

Akatazama soksi zake. Hakuwa amemwambia. "Nitasemaje? Kwamba nimevunja sheria kwa sababu bibi yangu alikataa kukaa na paka?"

"Huna haja ya kusema. Nitasema mimi."

Alhamisi asubuhi tukaenda. Hotuba yangu ilikuwa ndefu, na ndani yake mwenye makosa alikuwa paka. Mlangoni mlinzi akanipa daftari la wageni niweke sahihi, nikachora alama yangu kama ninavyofanya kila mahali. Bosi akashuka, akapewa kalamu asaini chini yangu kunipokea. Hakusaini. Akalitazama lile duara, akamtazama mjukuu wangu, aliyekuwa akitazama dari.

"Nimeliona kando ya njia ya tatu," akasema.

"Ndiyo," mjukuu wangu akajibu. "Nilitaka kukuambia tangu jana."

"Ni yako hii, mama?"

"Ni yangu tangu wewe hujazaliwa," nikasema, na hotuba yote ikanitoka kichwani. "Mimi ndiye niliyekataa kona."

Akasaini.

Mchana ule wakaikata alama yangu vipande viwili kwa mwanga mwembamba kama unywele. Ijumaa njia ya tatu ikasikia. Kitengo hakikufungwa. Mjukuu wangu alipewa barua ya onyo na, kama adhabu, kazi ya kukagua michoro ya pembeni ya wenzake kabla haijaenda kiwandani. Paka amepita bila swali.

Kwenye chipu mpya amenirudisha kona, na duara amelifunga mdomo. Anasema hivyo halidaki wimbi la mtu.

"Hiyo si alama yangu," nilimwambia. "Hiyo ni sahani."

"Ni sahani isiyoiba, bibi harusi."

Nimemruhusu. Alama za ndoo zangu sijazigusa.